Idara ya Baba Mkwe

Nyumba yetu haikujengwa iwe nyumba. Mume wangu aliianza kama gesti ya madereva, hapa Tunduma, nyuma kidogo ya barabara ambako malori hupanga foleni kusubiri kuvuka mpaka. Ilipofika kwenye kupaua, watu walikuwa wameshajenga gesti kila kona, akaona biashara imeshachacha, akasema basi tuingie wenyewe. Tukaingia. Milango ilikuwa imeshapigwa namba, na namba hizo zipo mpaka leo. Mimi na mume wangu tunalala namba moja. Marobota yangu ya vitenge yamejaa namba nne na namba tano. Kutoka jikoni kuna ukumbi mrefu, unakwenda, unakata kona, unakwenda tena, na huko mwisho kabisa, penye jua la asubuhi na utulivu, ndipo tulipompa chumba baba mkwe wangu alipofiwa na mkewe kule Ileje.

Alikuja na sanduku na redio. Kigoda alichokuwa akikalia marehemu mkewe jikoni alikataa kisibebwe. Alisema nyumba yenye kigoda jikoni bado ina mwenyewe, akafunga mlango, ufunguo akamwachia jirani.

Sasa nieleze jambo moja hapa hapa, maana bila hilo utaniona mwehu. Mimi ni mtu wa Kilosa. Kwetu baba mkwe unamwamkia, unampelekea chai, unamuuliza amelalaje, na akikuudhi unanuna akakuona umenuna. Kwa watu wa mume wangu sivyo. Siku hizi wengi wameacha, lakini mzee wangu alikuwa wa wale walioishika mila barabara: mkamwana na baba mkwe hawasemezani, hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni. Akitaka kupita uani anakohoa kutoka mbali, mkamwana anasikia, anapisha. Siyo chuki, niliambiwa wiki ya harusi, ni heshima. Nikaitikia. Lakini mimi nina mdomo, jamani, na kukaa na mtu chini ya paa moja usimsemeshe ni kazi kuliko kubeba marobota. Nilimjua yule mzee kwa kikohozi chake tu.

Tulikuwa na wifi yangu, mdogo wake mume wangu, naye ndiye alikuwa mdomo wetu. Mzee akitaka uji usiwe mzito, anamwambia wifi, wifi ananiambia mimi. Nikitaka kujua kama amekula dawa zake za kisukari, namtuma wifi. Tukaishi hivyo vizuri tu, hata nikasahau kwamba ni jambo la ajabu. Kisha wifi akapata kazi Vwawa, akahama.

Akabaki mama mmoja anayekuja asubuhi kutusaidia kazi, naye akishampelekea mzee chakula cha mchana anakwenda kwake. Mume wangu ni mtu wa malori, leo yuko Ndola, kesho amekwama kwenye foleni ya kuingia Kongo. Kwa hiyo kila mchana tulikuwa tunabaki wawili, mimi jikoni na mzee huko mwisho wa ukumbi, na ukumbi wote katikati.

Mchana mmoja sukari yake ikashuka. Akaita. Aliita nani sijui, maana mimi hawezi kuniita. Nadhani aliita tu. Sauti ikafia kwenye kona. Mume wangu ndiye aliyemkuta jioni aliporudi safari, amelala sakafuni kando ya kitanda, shati limelowa jasho, anatetemeka. Alipopata nafuu akamwambia mwanawe maneno ambayo mume wangu aliniletea jikoni akiwa ameinamisha kichwa: "Nyumba hii haina masikio. Nirudisheni Ileje. Kule nikikohoa, jirani anasikia."

Niliumia. Nilikuwa jikoni muda wote ule nachambua mchele. Na Ileje kwenyewe kuna nini? Nyumba iliyofungwa, na jirani ambaye naye ni mzee kama yeye. Akiangukia kule ndiyo basi. Mume wangu akamwomba asubiri masika yaishe, barabara ya kwenda kwao isingepitika kwa tope. Mzee akakubali. Nikajua nina masika hayo tu kuipatia nyumba ile masikio.

Utasema simu za mkononi zipo. Mwenzangu, njoo ukae Tunduma. Simu yako ikiwa upande huu wa nyumba inashika mtandao wa Tanzania, ukisogea dirishani inashika wa Zambia. Ukimpigia mtu wa chumba cha pili, salio linakwisha kana kwamba umempigia mtu wa Lusaka. Na saa nayo inarudi nyuma, maana wenzetu wako nyuma yetu saa nzima. Simu ya mzee ilikuwa ikilala dirishani, yeye ndiyo anayotazamia muda wa dawa na chakula, na ndiyo iliyomponza siku ile: aliona saa sita kumbe ni saa saba, chakula kikapoa mezani na dawa imeshafanya kazi yake tumboni. Isitoshe, nilipompigia mimi alikuwa hapokei. Nilidhani hajui kubonyeza.

Nikajaribu kengele. Nikanunua kengele ya shaba sokoni, mama wa kazi akampelekea. Ikarudi na ujumbe kwamba kengele ni ya ng'ombe na ya shule, na yeye si kimojawapo.

Mume wangu ndiye aliyesema, akiwa huko foleni, kwamba ofisini kwa wakala wake wa forodha kuna simu za mezani kila chumba, unabonyeza namba mbili unampata mtu wa stoo. Akasema tuweke kama hizo. Nikamuuliza zipi, za nani, zinafungwaje. Akasema nichague mwenyewe, mimi ndiye ninayekaa nazo. Wanaume! Mtu anakuachia mlango wazi halafu anakuita mwenye nyumba.

Wa kwanza kuja kutuuzia simu hizo alikuwa kijana nadhifu wa Mbeya mwenye kompyuta ya mapajani. Akazunguka nyumba nzima akitikisa kichwa kwa furaha. Tukakaa sebuleni akaniuliza, "Mna idara ngapi?"

Nikamwambia hapa ni nyumbani. Akasema anaelewa, lakini mfumo unataka idara. Nikafikiri, nikamwambia kuna jikoni, kuna sebule, kuna vitenge, na kuna baba mkwe. Akaandika yote kwa makini: Idara ya Jikoni, Idara ya Vitenge, Idara ya Baba Mkwe. Akaniuliza idara ya baba mkwe inapokea wateja wa nje au wa ndani tu. Mimi huyo nikaanza kuhangaika kujibu, kana kwamba ni swali la maana.

Kisha akaniambia simu zenyewe hazitakuwa na mtambo hapa nyumbani, mtambo utakaa kwenye wingu. Nikatazama dirishani. Tunduma ile, kiangazi wingu letu ni vumbi, masika wingu letu ni mvua. Nikamuuliza intaneti ikikatika inakuwaje. Akasema haikatiki. Na umeme ukikatika? Akasema hapo ninunue kifaa kingine. Nikauliza simu ya kutoka jikoni kwenda chumba cha mwisho inapitia wapi. Akasema inatoka, inakwenda kwenye wingu, ambalo liko Ulaya hivi, inarudi. Nikamwangalia. Mzee anguke hapa, habari iende Ulaya ndipo inifikie mimi niliye jikoni? Akanielekeza tena, polepole, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyopotea. Nilimpa chai, nikamshukuru, kichwa kinaniuma.

Wa pili alikuwa fundi wa hapa hapa, mtu mzima aliyejifunzia kazi ng'ambo ya mpaka, Nakonde, anayechanganya Kiswahili na Kibemba na kuniita bamayo, yaani mama. Yeye alikuja na boksi lililotumika, ukubwa wa sanduku la soda, waya zinaning'inia. Liling'olewa, alisema, kwenye ofisi iliyofungwa. Lina betri yake, umeme ukikatika linaendelea, na simu ya jikoni kwenda kwa mzee inapita kwenye waya ukutani, haitoki nje ya nyumba. Hilo nililielewa. Mengine yote aliyosema, ya opareta na laini ya nje na kuhamisha simu na kusubirisha simu, yalipita juu ya kichwa changu, nikawa naitikia tu.

Nikamchagua yeye. Akaniuliza, huyo mzee wa mwisho anaona vizuri? Nikamwambia haoni vitu vidogo. Akasema basi hatabonyeza kitu. Akinyanyua mkono wa simu tu, simu moja itaita moja kwa moja. Iite wapi? Mchana nani anakuwepo siku zote? Nikajipiga kifua. Mimi, nikasema, jikoni.

Akafunga. Simu zikawa kila chumba, nyeusi, nzito, zina vitufe vingi. Wiki ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. Boksi lilikuwa na tabia zake za ofisini. Ukitoa simu sikioni vibaya, linampigia muziki mwenzio. Mama yangu alipiga kutoka Kilosa akapigiwa muziki mpaka salio likaisha, akaanza kuulizia watu kama tuna msiba. Mimi mwenyewe nilitaka kuongea na mama wa kazi aliyekuwa akipanga vitenge namba nne nikajikuta naongea na choo cha wageni, ambako fundi aliweka simu kwa sababu ilibaki moja.

Lakini hayo si kitu. Kitu kilikuwa simu ya mzee. Ilikuwa inaita jikoni, vizuri kabisa, mlio mrefu. Naacha ninachofanya, nafuta mikono, nanyanyua, nasema haloo. Kimya. Nasema tena haloo, shikamoo baba, nani hapo. Klik. Imekatika.

Nikamwita fundi. Akapima waya, akasema mzima. Kesho yake tena: inaita, haloo, klik. Akaja akabadilisha simu. Akaja akabadilisha waya wote wa ukumbi, akasema labda panya. Nikaweka mtego wa panya, ukamnasa paka wa jirani mkia. Fundi akalifungua boksi lote, akalipuliza vumbi, akalifunga, akampigia mwenzake Nakonde wakabishana kwa Kibemba. Tukajaribu simu ya jikoni na sebule: safi. Jikoni na namba moja: safi. Fundi akaenda mwenyewe chumbani kwa mzee akanyanyua, tukaongea mimi na yeye kama tumekaa benchi moja. Akitoka tu, mzee akinyanyua, klik. Nilichanganyikiwa mpaka nikaanza kuliogopa lile boksi. Na nje mvua zilikuwa zinapungua. Nilikuwa nasikia kwa madereva kwamba huko Ileje magari yameanza kupita.

Wifi akaja kututembelea Jumamosi. Nilikuwa nimepakata sufuria, simu ikaita, nikamwambia apokee yeye aone balaa langu. Akanyanyua, akasema haloo. Halafu nikaona anacheka, anaitikia kwa Kindali, lugha ya kwao, anacheka tena, anaitikia kwa urefu kabisa. Nikasimama na mwiko mkononi. Alipoweka chini akaniambia baba anaulizia kama yale maharage yamebaki, na anasema simu hii inasikika vizuri sana, shida yake ni moja tu, kila akipiga anapokea mkamwana wake.

Akaniangalia. "Wifi, ulitegemea baba aseme na wewe?"

Nilikaa chini. Mimi nilijua mwiko ni wa macho, na kukaa pamoja, na kupeana mkono. Simu haina macho! Lakini wifi naye hakuwa na hakika. Akampigia shangazi yake aliyeko Ikinga kumuuliza kama sauti ndani ya waya ni kuonana au si kuonana. Shangazi akamuuliza, hiyo sauti inaingia sikioni mwake au haiingii? Akamwambia inaingia. Shangazi akasema basi. Shangazi mwingine akasema si kitu, siku hizi watu wanaonana mpaka kwa video. Wakabishana wao kwa wao, wakaniacha palepale nilipokuwa. Na fundi nilipomweleza alishika kichwa. Akasema, bamayo, ulisema mzee, hukusema mkweo; ungesema mkweo nisingeipeleka jikoni.

Lakini tungeipeleka wapi? Hakuna mwingine mchana. Tulikuwa tumenunua mtambo wa ofisi nzima, wenye idara na muziki, na watu wawili tu wa kuutumia, nao hawaruhusiwi kusemezana.

Wifi ndiye aliyepata njia. Akasema, kukohoa si anakohoa? Kule kwao uani mzee anakohoa na mkamwana anasikia, hakuna aliyewahi kusema hiyo ni dhambi. Akaenda chumbani kwa baba yake wakazungumza kwa muda. Akarudi na makubaliano. Mzee akiwa mzima, atanyanyua baada ya chakula, atakohoa mara moja. Akiwa na shida atakohoa mfululizo. Na mimi nisiseme neno. Nigonge sufuria kwa kijiko, ajue nimesikia.

Tukaanza. Simu inaita, nanyanyua, nafunga mdomo wangu huu kwa nguvu zote, kikohozi kinakuja, nagonga kijiko, tunaweka chini. Mtu angetukuta angetupeleka hospitali wote wawili. Lakini nilianza kukisubiri kikohozi kile. Nikawa nakijua cha baridi, cha kuridhika na mboga, na siku moja, naapa, kikohozi cha kuniambia ugali ulikuwa mbichi.

Kisha ikaja siku simu iliita, nikanyanyua, nikagonga kijiko. Kimya. Nikagonga tena. Pumzi tu, nzito, halafu kitu kikaburuzika.

Sikufikiri. Hapana, nilifikiri, nisijitie ushujaa. Nilifika kwenye kona ya ukumbi nikasimama, maji ya sukari niliyokoroga mbiombio yananimwagikia mkononi, najiuliza nikiingia humo ndani nimevunja nini, na nisipoingia je. Nikajitanda kanga kichwani mpaka puani. Mlangoni nikakohoa, mimi mkamwana, kama anavyokohoa yeye. Nikaingia huku natazama sakafu. Alikuwa chini, ameushika mkono wa simu, waya umenyooka. Nikamwinua kichwa bila kumtazama, nikamnywesha kidogo kidogo, mengine yakamwagika kifuani. Nilikaa hapo mpaka mtetemeko ukapungua. Nilijua amepata fahamu alipogeuza uso wake ukutani. Nikatoka kinyumenyume.

Baada ya hapo simu ikanyamaza. Mama wa kazi alikuwa anampelekea chakula na kunirudishia sahani tupu, akisema mzee hajambo, lakini kikohozi hakikuja, siku ile wala zilizofuata. Nikasema nimekwisha. Nimemwona baba mkwe wangu chini, nimemgusa, nimemwaibisha mtu mzima. Mume wangu akarudi safari, akaenda kumsalimia baba yake, akakawia. Aliporudi jikoni akavua viatu taratibu, akaniambia baba anauliza kama barabara ya Ileje imeshakauka. Nikamuuliza, akasema nini kingine? Akasema hakusema kingine, ila kesho aende na gari. Mume wangu hakuniangalia na mimi sikumwangalia. Nililia kwa hasira, sijui namkasirikia nani, boksi au mila au mdomo wangu uliokaa kimya wakati wote ule bure.

Asubuhi mume wangu yuko nje anajaza maji gari, simu ikaita jikoni. Nikanyanyua. Kikohozi kimoja. Nikatafuta kijiko, sikukiona, nikagonga sufuria kwa kidole.

"Simu," ikasema sauti.

Sikuwa nimewahi kuisikia karibu hivyo. Nikaziba mdomo kwa kanga.

"We simu, nasema na wewe, sisemi na mtu. Mwambie huyo mama wa jikoni, mwanangu anakwenda Ileje kuniletea kigoda cha marehemu. Kikija kikae huko jikoni. Akikalie yeye."

Nilisikia pumzi yake, na mlio wa maji ya gari nje. Nikaitoa kanga mdomoni.

"Simu," nikasema, "mwambie baba amesikika."

Akakohoa mara moja, kama kawaida yake, akaweka chini.